Madaftari Mawili na Pasheni ya Bibi

Bibi alizikwa Jumatano. Jumamosi, tulipoanua tanga, wanawake walibaki jikoni wakisugua masufuria ya makande, na mimi nilikuwa nafuta. Ndipo Mama Salimu, jirani yetu wa kule chini ya njia, akasema bila kumtazama mtu: "Mimi hata jeneza halikunitoa machozi. Machozi yamenitoka leo asubuhi, nilipopita pale njiani nikainama." Wenzake wakaacha kusugua. "Nainama niokote nini, jamani? Hakuna kitu. Mwaka wa nne huu hakuna kitu, na kiuno bado kinainama chenyewe." Mmoja akacheka, mwingine akajifuta macho kwa kiwiko kwa sababu mikono ilikuwa na majivu. Mimi niliweka sufuria chini nikatoka nje. Walidhani nakwenda kumlilia Bibi. Kweli nililia, lakini kilichoniliza ni daftari.

Nina miaka kumi na tisa. Mtu wa umri wangu akisema "enzi zile" wakubwa hucheka, na wana haki. Lakini mwaka ule wa kidato cha pili naukumbuka kama mtu anavyokumbuka nyumba aliyohama. Najua mlango uko wapi, najua ubao gani unalia ukiukanyaga, na siwezi kurudi. Sababu za mimi kuishi kwa Bibi, kijijini Mgwashi, nitaziacha, hazina kazi hapa. Itoshe kusema nililala chumba kimoja naye. Kitanda chake kilikuwa upande wa ukuta na changu upande wa magunia ya maharage, na chumba kizima kilinukia pasheni. Alizitandaza juu ya magunia kwenye gazeti ili zijikunje ngozi, maana pasheni ya zambarau ikijikunja ndiyo inakolea. Mgeni angeona ni matunda yaliyoharibika. Bibi alikuwa akiingia anavuta pumzi, anasema, "Bado siku mbili," bila hata kuyagusa.

Mipasheni ya nyumbani ilikuwa mistari mitatu. Mstari wa kwanza ulikuwa wa Bibi: zambarau ya kienyeji, tunda dogo kama yai la kuku mtetea, na mbegu yake hakuna aliyekumbuka ilitoka wapi. Ulipandwa pembeni kabisa mwa njia iteremkayo mtoni, na matawi yake yalivuka waya yakaning'inia juu ya njia yenyewe. Mstari wa pili ulikuwa wa njano. Baba mdogo Elia aliwahi kufanya kibarua Sigi, kule chini kwenye joto, akarudi na mbegu kazifunga kwenye leso. Kwenye baridi yetu zile za njano zilizaa kwa kusuasua, tena chachu ya kukunja uso, lakini mizizi yake haikuujua mnyauko. Mstari wa tatu ulikuwa zambarau pia, ila ya kitaluni, tunda kubwa, jeusi, linang'aa. Huo Baba mdogo aliupanda juu, nyuma ya jiko, ndani ya ua.

Mnyauko ndio ulioleta mambo yote. Mwaka uliotangulia miche miwili ya Bibi ilinyauka ndani ya wiki, majani yakining'inia kama nguo zilizoloa, na kwa majirani ilikufa mingi zaidi. Kikundi cha wakulima kikamwita bwana shamba. Akapanda na pikipiki yake, kijana mpole wa kutoka mbali, koti lake jembamba kuliko hali ya hewa yetu. Akaketi kwenye benchi la Bibi, akanywa chai na viazi vya kuchemsha, akaeleza. Tutapanda mizizi ya njano, maana ndiyo migumu, kisha juu yake tubebeshe zambarau: unakata kikonyo cha huyu, unakichomeka kwenye shina la yule, unafunga na nailoni. "Sasa zambarau ipi?" akauliza. "Tuchague moja. Msimu huu mzima tupime, tuone ipi inazaa zaidi na tunda lake likoje. Itakayoshinda tutaikata vikonyo, kijiji kizima kipande. Itakayoshindwa tung'oe, tuchome, kwa sababu mnyauko unajificha kwenye mashina ya zamani."

Bibi alikuwa anamenya kiazi. Hakusimamisha kisu. "Na hii yangu ikishinda?" "Itaishi kwa kila mtu, Bibi." "Ikishindwa?" Bwana shamba akatazama kikombe chake. Baba mdogo akasema haraka, "Mama, tusiandikie mate na wino upo. Tupime kwanza."

Karani nikawa mimi. Sikuombwa. Baba mdogo alininyooshea kidole tu: "Tabea. Huyu kuongea hawezi, ila kuandika, loh! Kila siku anaandika kama hakimu." Bwana shamba akanipa daftari la mistari mipana na mizani ya kuning'iniza, akanipa na sheria moja: nisichume. Pasheni iliyochumwa mtini husinyaa na kuchachuka, ile iliyoiva huanguka yenyewe. Kila asubuhi niokote yaliyoanguka chini ya kila mstari, nihesabu, nipime, niandike. Nikasema ndiyo kwa kichwa.

Lakini mimi nilikuwa tayari na daftari langu jingine, lenye jalada la bluu, ambalo lilikaa chini ya godoro. Nilikuwa na aibu ambayo sasa nikiikumbuka naona kama ugonjwa. Darasani nikiulizwa jibu ninalolijua, ulimi uliganda. Kwa hiyo kila nilichoona na kusikia nilikiandika humo jioni, wali ukiwa jikoni, na wengi wa watu wangu wanaishi humo mpaka leo bila kujua. Jiko letu lilikuwa kibanda peke yake, na dirisha lake lilikuwa tundu tu la matofali mawili yaliyoachwa, linatazama njia. Nikiwa napuliza moto wa chai niliweza kumwona kila anayepita bila mimi kuonekana, na mtu mwenye aibu hahitaji zaidi ya hapo.

Sasa kuna jambo ambalo bwana shamba hakulijua, na sisi hatukumwambia kwa sababu hatukujua kwamba ni jambo. Kwetu, tunda lililoanguka njiani ni la mpitaji. Huombi, huulizwi, hushukuru. Likiwa mtini lina mwenyewe, likiwa kwenye ungo lina mwenyewe, lakini likishagusa njia ni lako wewe uliyeinama. Hata mtoto wa chekechea anajua. Na mstari wa Bibi ulikuwa juu ya njia.

Walipita kabla jua halijapenya ukungu. Mzee mmoja mchuma chai, koti la mvua begani, anainama mara mbili, anapasua kwa meno, anafyonza akitembea. Watoto wa shule ya msingi walipita kama kundi la mbuzi, na Mama Salimu na ndoo yake. Mimi nilitoka na mizani baada ya chai kuchemka, nikaanza mstari wa juu, ndani ya ua, ambako hakuna aliyeingia: kumi na nne, kumi na tisa, ndoo inalemea. Njano: matatu, manne. Kisha nashuka njiani kwenye mstari wa Bibi, naokota yaliyobaki kwenye majani.

"Shikamoo, Mama Salimu."

"Marahaba, karani. Leo mangapi?"

"Manne."

"Manne tu! Ah, Bibi yako amezeeka na mpasheni wake umezeeka." Akasema hivyo huku maji ya pasheni yanamtiririka kidevuni, akayafuta kwa ncha ya kanga, akajitwika ndoo, akaenda zake. Wala hakuwa ananikejeli, alinihurumia kweli kabisa. Na mimi, naapa, niliandika manne, nikaona ni manne. Yale aliyokula hayakuwa yetu, kwa hiyo hayakuwa mavuno. Jioni ndipo nikaandika kwenye lile la bluu, kwa sababu lilinichekesha: Mama Salimu matatu, kidevu. Watoto wameokota saba. Mzee wa chai mawili, moja kalitia mfukoni.

Nilikuwa naosha vyombo nyuma ya jiko siku niliyosikia kwa nini Mama Salimu anapita mapema hivyo. Alikuwa na mimba changa, hajamwambia mtu, na kila anachokula kinarudi. "Kinachokaa tumboni ni hiki tu, Mama," alimwambia Bibi kwa sauti ya chini. "Nikikosa hiki siku nzima nazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa." Bibi akajibu, "Basi wahi, kabla ya watoto wa shule. Usiku wa baridi yanaanguka mengi." Kisha Bibi akaongeza kitu kwa Kishambaa, wote wawili wakacheka mpaka Mama Salimu akakohoa. Sikukisikia. Ni miongoni mwa vitu ambavyo ningetoa chochote nivisikie sasa.

Siku nyingine nilimuuliza Bibi kwa nini asiurudishe mstari wake ndani kidogo, matawi yasivuke waya. Nilikuwa naweza kuongea naye tukiwa wawili. Alinitazama kama nimemuuliza kwa nini nyumba ina mlango. "Niliupanda pale makusudi. Nani atakula ndani ya ua, mimi na kuku?" Akanikatia tunda, nusu kwake, nusu kwangu. Ladha yake nitaiandikaje? Ilikuwa tamu, lakini utamu ulikuja nyuma. Mbele ilikuja harufu, inapanda puani kabla ulimi haujafika, halafu chachu kidogo sana kama mtu anayekugusa bega, halafu ndio utamu. Ya kitaluni ilikuwa tamu tangu mlangoni, ikaishia hapo hapo. Ganda lake lilikuwa nene na maji yake mengi. Haikuwa mbaya. Nasema kweli, haikuwa mbaya.

Wiki moja kabla ya kikao cha kikundi, nilikaa juu ya kitanda na madaftari yote mawili. Sijui nini kilinituma. Nadhani ni mazoea ya shule tu, nilitaka jumla iwe safi. Nikajumlisha la bwana shamba: kitaluni imeshinda mbali, ya Bibi inaburuza mkia, imeipita njano tu. Kisha, kwa mchezo, nikachukua lile la bluu nikajumlisha waliokula njiani. Nikarudia, nikarudia tena na penseli. Yale ya njiani na yale ya ndooni ukiyaweka pamoja, mpasheni wa Bibi ulikuwa umezaa kuliko wa kitaluni kwa wingi wa matunda, na hata kwa uzito, nikikadiria kila tunda, haukuwa nyuma. Haukuwa umezeeka. Ulikuwa unalisha njia nzima, na hesabu yake ilikuwa chini ya godoro langu. Nikaandika kwa herufi kubwa: NITASEMA.

Siku ya kikao watu kumi na wawili walijaa uani, wengine wakikalia mawe. Ukungu ulikuwa mzito, na bwana shamba alikuwa na kifaa chake cha kupimia sukari, kama darubini ndogo: unadondoshea tone la maji ya tunda, unaelekeza kwenye jua, unasoma. Jua halikuwepo. Basi tukangoja, sote tumeinua nyuso juu kama vifaranga, Baba mdogo akisema, "Bwana shamba, huku kwetu sukari inapimwa kwa ulimi." Wakacheka. Akakubali. Walifungwa macho kwa kanga mmoja mmoja, wakalishwa kijiko cha kila moja. Njano iliwatoa machozi. Kitaluni wakaitikia kwa kichwa, nzuri. Ilipofika ya Bibi, mmoja baada ya mwingine walikilamba kijiko kabla ya kusema "hii." Mama Salimu, tumbo lake sasa limeonekana, hakufika hata kijikoni. "Hii naijua kwa harufu, nifungue."

Nikaona tumeshinda. Kisha bwana shamba akafungua daftari langu, lile la mistari mipana, akasoma jumla kwa sauti. Uani pakapoa. "Mnaona wenyewe," akasema kwa upole, na nadhani alisikitika. "Ladha ni ya Bibi. Lakini utamu haujazi ndoo. Siwezi kuwaambia mpande mti unaozaa hivi." Akageuka kwangu. "Karani, kuna la kuongeza?"

Daftari la bluu lilikuwa mapajani mwangu, chini ya sweta. Nililileta. Nilikuwa nimeweka jani la mpasheni kwenye ukurasa wa jumla. Sote tulikuwa pale: Mama Salimu na kidevu chake, mzee wa chai na mfuko wake, na Bibi, ambaye alikuwa ananitazama. Alinitazama mimi. Yeye mwenyewe asingeweza kusema. Nani asimame mbele ya majirani aseme nyinyi mmekula, nirudishieni kwenye hesabu? Hilo lingekuwa kuwaita wezi kwa kitu alichowapa. Lakini mtoto angeweza kusema, mtoto husamehewa. Nikafungua mdomo. Nikisema kwamba nilinyamaza kwa ajili ya heshima ya Mama Salimu, au kwa kulinda desturi, nitakuwa nadanganya, na sioni faida ya kudanganya hapa. Niliona nyuso kumi na mbili, ulimi ukaganda. Nilifikiri: watajua nilikuwa nawatazama kupitia dirisha. Basi, ni hilo tu.

"Huyu haongei," Baba mdogo akasema akicheka, kunisaidia. "Ukitaka jibu mpe kalamu." Wote wakacheka. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Bibi akatazama pembeni.

Walikata vikonyo vya kitaluni wiki ile ile. Siku ya kung'oa, Bibi aliamka mapema akachuma kila kilichobaki kwenye mstari wake, yaliyoiva na mabichi, akayajaza kwenye ungo akauweka kando ya njia. Watu walipita. Walisalimia. Watoto wa shule walisimama wakautazama ungo, wakaendelea. Hakuna aliyegusa, maana tunda likiwa kwenye ungo lina mwenyewe. Bibi alisimama mlangoni akaona kundi zima linapita, kisha akateremka na fimbo yake, akainama, akaupindua ungo. Matunda yakabingirika njiani, mengine mpaka kwenye kona. "Haya," akasema, si kwa mtu yeyote. "Yameanguka." Baba mdogo alikuwa ameshika jembe, akangoja mpaka njia ikawa safi tena. Ndipo akaanza kung'oa. Alipochoma mashina, moshi wake ulikuwa na harufu ile ile, na ndiyo mara ya mwisho nyumba yetu kunukia vile.

Hakunilaumu. Hilo ndilo linalonirudisha pale kila mara. Miezi baadaye tulikuwa tunapukusa maharage, akauliza, "Lile daftari lako jingine, bado unaliandika?" Sikujua kwamba analijua. "Ndiyo, Bibi." Akapukusa ganda moja, mawili. "Andika tu," akasema. Nimeyageuza maneno hayo kila upande karibu miaka minne. Siku nyingine ni msamaha. Siku nyingine ni bibi tu anayetaka mjukuu wake awe na kitu cha kufanya. Nilikuwa na muda wote huo wa kumwambia, chumba kimoja, vitanda viwili, na sikumwambia. Pasheni mpya zilizaa vizuri, kijiji kinazo, malori yanakuja kuzichukua. Hakuna aliyepata hasara ila pua yangu.

Basi Jumamosi ile ya tanga nilitoka jikoni, nikachukua daftari la bluu, na Mama Salimu alipomaliza masufuria akaenda zake, nikamfuata kwake. Alikuwa ameketi kizingitini, anamsuka Hadija, mtoto wa mimba ile, msichana wa miaka mitatu na kitu mwenye hasira ya sega. Nilisimama. Nikafungua, nikasoma kwa sauti: "Mama Salimu matatu, kidevu." Nikageuza ukurasa. "Mama Salimu manne. Leo amekaa kwenye jiwe, amefumba macho." Nikasoma mpaka jumla, nikamweleza jumla ina maana gani, na kwamba nililijua kabla ya kikao. Sauti yangu ilikuwa ndogo lakini haikukatika.

Sega likasimama kichwani mwa mtoto. Nilidhani atanifukuza. "We mtoto," akasema mwishowe, "uliniandika mpaka kidevu?" Akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio, Hadija akageuka kumtazama. "Kwa hiyo mti wake tuliula sisi. Na tulikuwa tunamhurumia!" Akajifuta. "Na yeye alijua?" "Nadhani alijua." "Alijua," akasema. "Yule mama alikuwa anajua hata utakachoota kesho."

Kisha akainuka, akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye njia ya kwenda bafuni. Palikuwa na mpasheni umepanda juu ya uzio wa mabanzi, hakuna aliyeupanda. "Mbegu zangu za kutema," akasema. "Nilikuwa nikifika hapa ndio natema." Nikatazama chini. Lilikuwepo moja, dogo, zambarau, lakini lina madoadoa ya njano kama mtu aliyenyunyiziwa rangi. Nyuki wa mwaka ule walikuwa wametembea mistari yote mitatu, hawakujua mipaka yetu. Niliinama. Nikalipasua kwa meno, pale pale nimesimama. Harufu ilikuja kwanza. Ilikuja kweli, ikapanda, nikafumba macho, nikaona magunia na gazeti na mkono wake. Halafu ikaingia chachu, si ile ya kugusa bega. Ilikuwa ya Sigi, ya kukunja uso, na utamu ulipofika ulikuta mlango umefungwa. Nusu yake ilikuwa Bibi. Nusu tu.

Mama Salimu alikuwa amesharudi kizingitini kwa mtoto wake. "Limekuwaje?" akapaza sauti. Nikalilamba ganda. "Kuna jingine pale chini ya jani," akasema, "okota na hilo. Ila hilo usiliandike!"

Nililiokota. La kwanza nimeliandika hapa. La pili silisemi.